RAM Mbili, Nafasi Moja na Upawa wa Sikudhani

Sogeeni karibu kidogo, sauti yangu leo haifiki mbali. Nimeshinda kazini tangu asubuhi na miguu inawaka moto. Hadithi ninayo, na mwishoni mna swali. Kwa hiyo anayetaka kulala alale sasa hivi, maana sitaki mtu aamke nimeshauliza halafu anijibu kwa miayo.

Huko Mlalo, juu kwenye milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi, walikuwapo ndugu watatu waliokaa nyumba moja. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mkubwa aliitwa Sikudhani, na kipaji chake kilikuwa kugawa. Msicheke. Sufuria ya maharage iwe ndogo namna gani, Sikudhani alipakua na kila mtu akashiba, au angalau akanyamaza. Mama yao alifariki akimzaa kitinda mimba, Sikudhani akiwa bado msichana wa shule, na upawa ukahamia mkononi mwake matanga hayajaisha. Haukutoka tena. Baba yao, marehemu mzee Shekiondo, alikuwa na sheria moja nyumbani kwake: anayegawa anachukua mwisho. Alisema sheria hiyo inamfanya mgawaji awe mwadilifu. Inawezekana. Lakini pia inamfanya ale ukoko, na Sikudhani alikuwa amekula ukoko kwa miaka mingi kiasi kwamba watu walidhani anaupenda.

Wa pili aliitwa Hizza, na kipaji chake kilikuwa mikononi. Redio iliyokufa, simu iliyotumbukia kwenye ndoo, pasi inayopiga shoti, vyote alivifungua taratibu, akavisikiliza, akavinusa, kisha akasema ugonjwa uko wapi. Hakuwa na haraka. Wateja walimlalamikia kwa ajili hiyo, na kesho yake wakarudi.

Kitinda mimba alikuwa Mwantumu, na kipaji chake kilikuwa jicho linalotangulia. Ukitaka kumtupia chungwa, hujamaliza hata kunyanyua mkono, mkono wake umeshafika. Alikulia juu ya malori ya kabichi yanayoteremka kwenda Lushoto, amebanwa katikati ya viroba, na kona zote za barabara ile alikuwa nazo kichwani, hata zile ambazo madereva wenyewe huzipita wakiomba dua.

Haya, hao ndio watu wangu watatu. Washikeni vizuri, maana siongezi wengine wengi.

Baba yao alikuwa mlinzi wa ofisi ya shamba moja la chai. Ofisi ilipofungwa, vitu vilipigwa mnada, na mzee akarudi nyumbani na kompyuta mbili ndani ya toroli, za namna moja kabisa, kama mapacha. Hakuna aliyezitaka pale mnadani kwa sababu zilikuwa nzito na za zamani. Alipofariki, wazee wa ukoo walikaa wakagawa mirathi: kompyuta moja ikawa ya Sikudhani, aweke kwenye kibanda chake cha steshenari pale sokoni, ya pili ikawa ya wote watatu, ikae nyumbani. Ikakaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, na Mwantumu akaifanya uwanja wake wa mbio za magari.

Siku moja ikaja habari. Shirika moja la vijana linaandaa mashindano ya gemu la mbio za magari, pale ukumbini Lushoto mjini. Masharti yalikuwa ya ajabu kidogo. Hashindani mtu, inashindana nyumba. Kila nyumba ije na mashine yake na ije na mchezaji wake. Na nyumba itakayoshinda itapata nafasi moja katika chuo cha kompyuta Tanga, mwaka mzima, malazi na chakula juu ya shirika. Nyumba yenyewe itasema nani aende. Umri hawakuuliza.

Sikudhani aliisikia habari hiyo kibandani kwake, kutoka kwa mteja, na vidole vyake vikasimama juu ya kibodi. Umri hawakuuliza. Akairudia moyoni mara kadhaa. Nitawaambieni kwa nini. Zamani alipomaliza shule aliitwa chuo cha uhazili, akafunga sanduku, na siku ile ile ya safari Mwantumu, wakati huo mtoto mdogo, akaamka na surua mwili mzima. Sikudhani akafungua sanduku. Tangu hapo hakuna aliyemwita popote, isipokuwa kumwita aje kupakua. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa ule wa mtu ambaye hata jina lake akiitwa anawaza, ni nini tena.

Lakini hakusema kitu. Alirudi nyumbani jioni, akawaambia wadogo zake habari za mashindano, na wote watatu wakakubaliana washiriki. Kila mmoja, ndani yake, alishajiona Tanga.

Tatizo lilikuwa mashine. Gemu lile lilikuwa jipya, na kompyuta ya nyumbani haikuliweza. Gari la Mwantumu lilikwenda vizuri kwenye njia iliyonyooka, lakini likifika kwenye kona tu, picha inaganda. Mwantumu anabonyeza, anabonyeza, na picha ikirudi gari liko korongoni, magurudumu juu.

"Mimi kona nimeikata!" alipiga kelele. "Ni hili dude ndilo halijaikata!"

Hizza akafungua kifuniko, akatazama, akasema ni RAM. Na kwa ajili ya bibi yangu pale nyuma anayenikunjia uso, nitaeleza. Kompyuta ina stoo yake ya kuwekea vitu, na ina meza yake ya jikoni. RAM ndiyo meza. Stoo inaweza kuwa kubwa, lakini meza ikiwa ndogo mpishi atashusha sufuria chini kila anapotaka kukata kitunguu, na chakula kitachelewa. RAM yenyewe ni kibao chembamba, urefu kama kiganja, chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, na hukaa kwenye mfereji wake ndani ya mashine. Ukiongeza kibao, umeongeza meza.

Wakaagiza RAM Tanga kupitia kwa dereva wa lori. Ikaja, nzuri, inang'aa, na ikakataa kuingia. Kila RAM ina pengo dogo katikati ya meno yake, na la hii halikukaa mahali pake. Ilikuwa ya mashine za kisasa.

"Tupige tupa kidogo hapo," alisema Mwantumu.

"Tupa iko wapi?" aliuliza Hizza, na aliuliza kweli, hakuwa anatania. Bahati nzuri tupa ilikuwa imeazimwa na jirani. Wakabaki wakiitazama ile RAM ngeni juu ya meza.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja, maana swali langu liko humo.

Sikudhani ndiye aliyeanza. Aliwaza usiku kucha, na asubuhi akaenda kibandani, akafungua kompyuta yake mwenyewe, pacha wa ile ya nyumbani. Ndani mlikuwa na RAM mbili, ilhali ile ya nyumbani ilikuwa na moja tu. Akachomoa moja, akaifunga kwenye leso, akamkabidhi Hizza. "Hii itaingia," alisema. "Ni ya tumbo moja."

Ikaingia. Lakini kuanzia siku ile kazi ya Sikudhani ikawa mateso. Alibonyeza herufi, akasubiri, herufi ikatokea inapotaka yenyewe. Kuchapa barua moja ya kuomba ruhusa ilikuwa kazi ya kutwa. Watu walipanga foleni hadi kwa muuza vitunguu. Mzee mmoja alikuja kuchapisha ratiba ya mazishi ya kaka yake, akakaa kwenye benchi, akasinzia, akaamka, akakuta bado jina la marehemu halijaisha kuandikika.

"Binti yangu," alisema kwa upole, "tunazika kesho. Si mwaka kesho."

"Samahani baba. Mashine inaumwa."

"Naona. Na wewe je?"

Sikudhani alicheka kidogo, kisha macho yakamjaa, akageuka kutafuta karatasi ambayo haikuhitajika. Mzee akaenda kwenye steshenari ya upande wa pili wa soko. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, na wengi wao hawakurudi. Miezi yote ile ya mazoezi alifungua kibanda asubuhi na kukaa mbele ya skrini akisubiri herufi, huku akijua kwamba nyumbani gari la Mwantumu linakata kona kwa meza yake yeye. Hakuidai ile RAM. Katika nyumba ile, aliyetoa hadai.

Hizza ndiye aliyefuata. RAM ilikuwa imeingia, ndiyo, lakini gari bado liligandaganda, afadhali kidogo tu kuliko mwanzo. Mwantumu alikata tamaa. Hizza hakukata. Alilala kifudifudi mbele ya mashine na tochi mdomoni, jioni baada ya jioni, akiangalia ile mifereji minne. Mwisho akagundua kwamba haifanani: miwili ni ya bluu na miwili ni myeusi, imepishana. Wao walikuwa wameziweka RAM mbili jirani, moja kwenye bluu na nyingine kwenye nyeusi, kwa kuwa walidhani ndugu hukaa pamoja. Akazihamisha zote mbili kwenye mifereji ya bluu, akawasha. Gari likapita kona kama mtu anayekata siagi. Mwantumu alimrukia shingoni.

Hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ilikuwa siku yenyewe ya mashindano. Waliteremka Lushoto juu ya lori la kabichi, mashine imefungwa kwenye blanketi mapajani mwa Sikudhani. Kabichi zilikuwa zimevunwa na umande wake, na maji yakachuruzika njia nzima. Walipofika ukumbini na kuwasha, mashine ikalia pii, pii, pii, na skrini ikabaki nyeusi. Nyumba nyingine zilikuwa zimeshajipanga. Hizza akapiga magoti. Akachomoa RAM zote mbili, akazifuta kwa shati lake, akaomba raba ya kufutia penseli kwa mwanafunzi aliyekuja kutazama, akasugua yale meno ya dhahabu, polepole, jino kwa jino, kana kwamba hakuna mtu anayemsubiri duniani.

Na kulikuwa na mtu anayemsubiri. Simu yake ilikuwa inaita mfukoni. Karakana kubwa ya Korogwe ilikuwa imemwahidi kazi, kazi ya mshahara, na siku ya kuripoti ilikuwa hiyo hiyo. Alikuwa ameomba wamvumilie hadi adhuhuri, athibitishe kwa simu. Simu ikaita, ikakatika. Ikaita tena, ikakatika. Mikono yake ilikuwa imeshika RAM, na alijua akizirudisha kwa haraka zitaingia vibaya. Hakupokea. Alipomaliza na mashine ikaamka, alipiga Korogwe. Wakamwambia kwa heshima kwamba kijana mwingine ameshavaa ovaroli. Hizza akasema ahsante, akaenda nje, akakaa kwenye ngazi za ukumbi, na Sikudhani aliyemfuata na chupa ya maji alimkuta anajifuta uso.

Mwantumu ndiye aliyemalizia. Mchana ule ule, kabla ya mbio za mwisho, alimjia kijana mmoja wa Lushoto, mtoto wa mwenye maduka. Alikuja na mashine mpya yenye taa za rangi na feni inayovuma, lakini mchezaji wao alikuwa ameteguka kidole asubuhi akisukuma gari, na masharti yaliruhusu nyumba kubadilisha mchezaji, hata kumwazima wa nyumba nyingine.

"Dada, cheza upande wetu," alisema. "Sisi tunataka jina tu, litajwe mbele za watu. Nafasi ya chuo ukishinda ni yako wewe, naweka ahadi mbele ya mashahidi. Hiyo mashine yenu itakufia kwenye kona."

Mwantumu aliitazama ile mashine yenye taa. Sikudhani, aliyesimama hatua chache, alisikia yote, na akanyamaza kusudi. Angeweza kumwita. Hakumwita. Alitaka kujua, na aliogopa kujua.

"Ahsante," alisema Mwantumu. "Mimi nimekuja na nyumba yangu."

Akarudi, akakaa mbele ya mashine ya mnadani. Mbio za mwisho zilikuwa dhidi ya vijana watatu wazoefu, mmoja wao mchezaji mpya wa ile mashine yenye taa, kwenye njia ya mlimani, mvua inanyesha ndani ya gemu na kona hazina ukingo. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge kwa mazoezi. Alivifunga kwa plasta. Wengine walipunguza mwendo kwenye kona. Yeye alikumbuka lori la kabichi na hakupunguza. Picha haikuganda hata kidogo. Kwenye kona ya mwisho wawili waliteleza, na yeye akawapita kwa ndani, nafasi ya kupitisha baiskeli tu, akamaliza wa kwanza, ile mashine yenye taa ikimfuata. Ukumbi ukalipuka. Hizza akalia. Sikudhani akakaa kitako sakafuni na akasikia furaha na uchovu vikija pamoja hadi hakuweza kuvitenganisha.

Msimamizi wa shirika, Bwana Mhando, akawapa mkono wote watatu. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kukwaruza.

"Hongereni sana. Nafasi ni moja, mnajua. Sisi hatuingilii. Kesho jioni nitapiga simu, mnitajie jina moja, kisha nafunga orodha. Msiponipa jina, nafasi inakwenda kwa nyumba ya pili."

"Hatuwezi kugawana, Bwana Mhando?" aliuliza Hizza. "Huyu miezi kadhaa, yule miezi kadhaa?"

"Mwanangu, kitanda kimoja, kadi moja, cheti kimoja. Ningekuwa na tatu ningewapa tatu."

Wakarudi Mlalo. Lori lilikuwa tupu na liliwarusharusha, na hakuna aliyeimba.

Kesho yake Sikudhani alikwenda kibandani kama kawaida. Akawasha mashine, akabonyeza herufi ya kwanza, akasubiri. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba RAM yake bado iko sebuleni nyumbani, ndani ya mashine ya mashindano. Mashindano yameisha, na hakuna aliyesema, dada, tukurudishie. Si kwa ubaya. Wadogo zake walimpenda. Ila kilichotoka mikononi mwake walikizoea kama maji ya bomba, hamna anayeuliza yanatoka wapi hadi yakatike. Alikaa akiitazama skrini, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti, peke yake mle kibandani: "Nataka kwenda Tanga."

Jioni alipika. Ugali, maharage, na kuku mmoja wa kusherehekea, ambaye jirani aliwapa. Wakakaa mezani watatu, simu katikati, karibu na kibakuli cha chumvi. Sikudhani alishika upawa.

"Basi," alisema Hizza, "tuzungumze kabla simu haijaita."

"Zungumza wewe kwanza, kaka," alisema Mwantumu.

Hizza akakuna kichwa. "Mimi sina neno. Ila chuo ni cha kompyuta, na mimi ndiye mwenye kazi ya kompyuta. Korogwe nimeikosa. Nikienda Tanga narudi fundi mwenye cheti, nafungua karakana hapa hapa, na nyumba nzima inapumua. Mashine ile ingebaki inalia pii pii mpaka leo. Ndiyo hivyo tu. Sina neno."

"Kwa mtu asiye na neno umeongea sana," alisema Mwantumu, na wote wakacheka, kicheko kifupi. Kisha Mwantumu akawa makini. "Mimi nasema wazi. Nataka. Nafasi hii niliahidiwa jana iwe yangu peke yangu nikishinda, nikaiacha ili ushindi usomwe kwa jina la baba. Vidole vyangu mnaviona. Na mimi ndiye kijana kuliko wote, nina miaka mingi ya kukitumia nitakachojifunza. Nikiikosa leo, nitabaki kuvuna kabichi nikijiuliza kwa nini sikukubali ile mashine ya taa."

Mvuke wa ugali ukapanda. Wadogo wote wawili wakageuza nyuso kwa dada yao, kama walivyozigeuza tangu utoto kila palipokuwa na kitu kimoja na mikono miwili.

"Dada," alisema Hizza, "gawa wewe. Utakavyosema ndivyo itakavyokuwa, na hakuna atakayenuna."

"Kweli dada," alisema Mwantumu. "Wewe hujawahi kumpunja mtu."

Sikudhani alitazama upawa. Anayegawa anachukua mwisho. Kitu kikiwa kimoja, wa mwisho hapati. Wadogo zake hawakuwa wamemtega, hawakulifikiria kabisa. Wangekuwa wamelifikiria, labda isingemuuma hivyo.

"Na mimi je?" aliuliza.

"Wewe nini, dada?"

"Na mimi nataka kwenda."

Hizza alishusha macho. Mwantumu alimgeukia kaka yake. Haikuwa imewapitia akilini hata siku moja. Sikudhani aliliona hilo usoni mwao, na akaendelea.

"Wateja wangu wamekwenda upande wa pili wa soko. Mashine yangu inaandika kama mgonjwa. Ile RAM, meza mliyopikia, ilikuwa yangu. Na niliwahi kufunga sanduku, Mwantumu, wewe ulikuwa mdogo, hujui. Nililifungua mwenyewe na sijutii. Ila nimechoka. Nataka mwaka mmoja wa kupakuliwa chakula na mtu mwingine."

Mwantumu alianza kulia bila sauti. Hizza alisema taratibu, si kwa kushindana, kwa kushangaa tu: "Sasa dada... ukienda wewe, nani atagawa hapa?"

Neno lile lilimkaa Sikudhani kifuani. Hakujua limemheshimu au limemfunga.

"Na sheria ya baba," aliongeza Hizza. "Ukigawa ukajichukulia mwenyewe, kitakuwa nini?"

"Sawa," alisema Sikudhani. Akaunyoosha upawa katikati ya meza, mpini mbele. "Basi nisigawe mimi. Leo agawe mwingine. Chukueni."

Mwantumu aliutazama mpini. Hizza aliutazama mpini. Wote wawili walikuwa wamelelewa nyumba ile ile, na wote wawili waliielewa hesabu yake kwa wakati mmoja: atakayeushika ameshajitoa. Hakuna mkono uliotoka. Upawa ukabaki hewani, ukidondosha mchuzi juu ya kitambaa cha meza, na mkono wa Sikudhani ukaanza kuuma.

Simu ikaita. Jina la Bwana Mhando likawaka.

Mimi naishia hapo. Msinikunjie nyuso, niliwaonya mapema kwamba kuna swali. Na msiniletee yale majibu ya njia ya mkato. Usiniambie waende wote, kitanda ni kimoja. Usiniambie wapige kura, kila mmoja atajipigia mwenyewe na wewe unajua. Usiniambie waiache, maana nyumba ya pili ni ile ya mashine yenye taa, na jasho la watu watatu litakwenda kumstarehesha kijana ambaye hajawahi hata kushika kabichi.

Bila RAM ya Sikudhani pasingekuwa na mbio. Bila mikono ya Hizza RAM ingekuwa kibao tu. Bila jicho la Mwantumu, na bila lile neno lake, nimekuja na nyumba yangu, ushindi ungekuwa wa watu wengine. Mmoja alipoteza wateja, mmoja alipoteza kazi, mmoja aliiacha ahadi ya nafasi ambayo ingekuwa yake peke yake.

Simu inaita bado. Haitaita milele. Jiweke kwenye kiti cha Hizza au cha Mwantumu, kwanza niambie: ungeupokea ule upawa? Na ukiisha kuushika, huku sheria ya mzee Shekiondo ikikutazama, ungemtajia Bwana Mhando jina la nani?